Barua Niliyopeleka Nyumba Namba Kumi na Nne

Leo nimejivua nguo mbele za watu. (Tulieni. Nguo za mwilini nilikuwa nazo zote, isipokuwa kiatu kimoja. Nitafika hapo.)

Nawaandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga kwa ndani, macho yamevimba. Kwa wale wasiojua kazi yangu, mimi ni karani katika ofisi ya kukodisha nyumba hapa Eldoret. Tunasimamia ploti za watu, yaani nyumba za kupanga. Mwenye ploti anakaa na ng'ombe wake Kapseret, sisi tunahangaika na wapangaji wake Huruma. Kodi ikichelewa, ni mimi. Choo kikiziba, ni mimi. Na mpangaji akitaka kuhama kabla ya mwaka kuisha halafu arudishiwe dipoziti yake, ni mimi pia, na hapo ndipo watu hunichukia zaidi.

Mkataba wetu uko wazi. Unakaa mwaka mzima. Ukihama mapema, au ukihama bila notisi ya mwezi mmoja, dipoziti inabaki kwa ofisi. Sikuutunga mimi. Mimi huusoma tu, kwa sauti kubwa kidogo.

Wapangaji nao si wajinga. Mtu akishajua dipoziti hairudi, anakupa maneno matamu mwezi mzima, halafu siku moja unafika unakuta mkokoteni ulishaondoka na nyumba imebaki na msumari mmoja ukutani. Mwaka huu nimetorokwa mara nne. Ya nne, bosi aliniita akaniuliza kama mimi ni karani au ni shabiki. Tangu siku hiyo nimekuwa mkali. Nina barua zilizochapwa tayari, kazi yangu ni kujaza jina, namba ya nyumba na tarehe. Na kuna dada wa duka la maziwa, mkabala na geti la ploti, ambaye namtumia salio la simu kila wiki ili akiona kiti kinatoka nje anijulishe.

Leo saa tatu asubuhi akapiga.

"Madam, hapa kwa ploti kuna maneno. Namba kumi na nne wanatoa vitu. Sofa iko nje, kabati iko nje, na sasa hivi kuna pikapu imeingia."

"Wanahama?"

"Mimi sijui. Ndio nimefungua duka saa hii. Nimeona tu vitu."

(Simlaumu. Simlipi aulize, namlipa aone.)

Namba kumi na nne! Consolata! Nilishtuka kwa kweli, kwa sababu Consolata hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa fundi wa kushona, ana kibanda chake karibu na barabara, anashona sare za shule. Kodi alikuwa analeta tarehe mbili bila kukumbushwa. Lakini wiki mbili zilizopita alikuwa amenipigia simu akauliza swali moja: je, akihama kabla ya mwaka kuisha, dipoziti yake inaweza kurudi? Alikuwa amebakisha miezi mitatu tu. Nami nina msimamo wangu kuhusu wapangaji wanaouliza swali hilo. Wanaouliza ndio wanaoruka.

Nikatoa barua. Nikajaza: Consolata, namba kumi na nne, tarehe ya leo. Nikatafuta bahasha ya kaki, zilikuwa zimeisha. Nikachukua nyeupe, ile nzuri, ya kuwekea mialiko. Nikairamba, nikaifunga, nikaruka kwenye pikipiki. Njiani nilikuwa napanga maneno yangu. Nilimwambia hata yule wa pikipiki, "Leo kuna mtu atanitambua."

Tukafika. Kweli, sofa iko nje, na vitambaa vyake vyote. Kabati ya vyombo iko nje. Meza iko nje. Televisheni imefunikwa leso. Mtu mwenye akili angegundua kwamba kitanda hakiko nje, wala sufuria, wala godoro, na angejiuliza ni nani huyo anayehama na sebule peke yake. Mimi sikujiuliza kitu.

Pikapu ilikuwa imejaa viti vya plastiki, vimepangwa mpaka juu. Nikajiambia, kumbe huyu mama ana viti vyote hivi, alikuwa anaviweka wapi kwa chumba kile? (Naomba mniamini, mimi nilisoma mpaka chuo.)

Nikasimama mbele ya pikapu, nikanyoosha mkono wenye bahasha.

"Zima gari! Hakuna kitu kinatoka hapa!"

Dereva akanitazama kwa dirisha. "Madam, mimi sitoi kitu. Mimi naleta."

"Usinifunze kazi! Mwenye nyumba ako wapi?"

Dereva akaelekeza kidole kwa mlango wa namba kumi na nne, halafu akavua kofia. Hiyo kofia ilipaswa kuniambia kitu. Nilidhani ananiogopa.

Hapo ndipo nilipotoa sauti. Nina sauti, mnanijua. Niliita kutoka getini nikielekea mlangoni, mikono juu, bahasha inapepea.

"Consolata! Consolata wee! Consolata toka nje nikuone!"

Mlango ukafunguka. Wakatoka wanawake wawili waliojifunga leso kiunoni, wakanijia mbio. Nikasema, haya, ametuma ndugu zake wanipige. Mmoja akanishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Nikajitoa. Wakanishika zaidi. Kiatu cha kushoto kikabaki kwenye matope.

"Niacheni! Niacheni nimuone mwenyewe!"

"Lia tu, dada," akasema yule wa kulia, naye machozi yanamtiririka. "Usijizuie. Lia."

Nilie kwa nini? Ni dipoziti yake, si yangu! Lakini hata kabla ya kumuuliza, yule wa kushoto akapiga ukemi ambao nadhani ulisikika mpaka stendi, na wengine wakaitikia kutoka ndani, na mimi nikavutwa nikapitishwa mlangoni na soksi moja.

Ndani hakukuwa na kitu ila mikeka. Wanawake wamekaa chini kando ya kuta, wamenyoosha miguu. Katikati kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, daftari la shule lililo wazi, kalamu, na picha. Kwenye picha Consolata amevaa gauni la kijani, kola yake ameishona mwenyewe, unaona kabisa ni mkono wake. Anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa atabasamu.

Jamani.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nimezaliwa huko, nimezika babu na nyanya huko. Nyumbani kwetu mtu akifa, kitu cha kwanza kinachofanywa asubuhi ni kutoa viti vyote vya sebule nje, ili watu wapate mahali pa kukaa na kulia. Nikiwa msichana nilibeba viti hivyo kwa mikono yangu. Na anayefika kwenye msiba hatembei kimya, anaanza kumwita marehemu kwa jina tangu getini, mikono juu. Wale wanawake hawakukosea hata kidogo. Mimi nilikuwa nimefika jinsi anavyofika ndugu.

Nikakaa kwenye mkeka. Sasa nikalia kweli. Sikuwa naigiza, niwaambie hivyo. Nililia kwa mshtuko, nikalia kwa aibu, halafu nikaitazama tena ile kola nikalia kwa ajili yake. Mama mmoja akaniletea chai. Mwingine akaniambia kwamba Consolata alikuwa na shida ya kifua kwa muda, usiku wa kuamkia leo kikazidi, wakamkimbiza hospitali, na hayakupita hata masaa mawili akawa ameenda. Sasa yuko mochari. Wanataka kumpeleka nyumbani Kimilili, huko huko kwetu Bungoma, azikwe Jumamosi, wakipata gari.

Ningeondoka hapo hapo, kisa hiki kingekuwa kifupi, na ningekuwa mtu wa heshima. Shida ilikuwa bahasha. Bado nilikuwa nimeishika. Nyeupe, nzuri, imefungwa.

Mnajua wenyewe bahasha nyeupe kwenye matanga ni nini. Haikai mkononi mwa mtu. Kaka ya Consolata, mwalimu Wafula, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Akaja akainama mbele yangu, akaipokea kwa mikono miwili.

"Umetoka wapi, madam?"

"Ofisi... ofisi ya nyumba."

"Ofisi ya nyumba!" Akageuka kwa watu. "Jameni, ofisi ya nyumba wamefika. Watu huwa wanasema hawa hawana utu. Muone sasa!"

Watu wakapiga makofi. Makofi! Nikasema, "Mwalimu, hiyo hapana, hiyo wacha kwanza..."

"Usione haya, dada. Hata kidogo ni kitu."

Na kwa sababu kila mchango husomwa ili yule wa daftari aandike, Wafula akairarua bahasha pale pale. Akakunjua karatasi. Hakuitazama kwanza. Alianza kusoma moja kwa moja, kwa ile sauti ya mwalimu inayofika dawati la nyuma.

"Kwa Consolata, nyumba namba kumi na nne. Ofisi imebaini kwamba umehama kabla ya mwaka wa mkataba wako kuisha, na bila kutoa notisi..."

Hapo sauti yake ikaanza kupungua. Lakini mwalimu ni mwalimu, akishaanza sentensi lazima aimalize.

"...kwa hivyo dipoziti yako haitarudishwa. Ofisi inakutakia mema huko uendako."

Mtu wa daftari alikuwa ameshaandika "ofisi ya nyumba", akabaki na kalamu hewani. Nje dereva wa pikapu alikuwa anashusha viti, nikasikia kimoja kikianguka.

Sentensi hiyo ya mwisho niliiongeza mimi mwaka jana. Bosi alisema barua ni kavu mno.

Wafula akaikunja karatasi taratibu. "Madam, dada yangu ako mochari tangu usiku. Hii ndiyo mmeleta?"

"Mwalimu, nisamehe. Nilidhani anahama."

"Anahama?"

"Niliambiwa viti viko nje."

"Wewe kwenu ni wapi?"

Nilitamani nidanganye. Nilitamani niseme kwetu ni mbali, ng'ambo ya bahari, wanakozika watu na viti vikiwa ndani. "Bungoma," nikasema.

Mngesikia vile chumba kizima kilivyoguna. Nyanya mmoja kwenye kona akasema, "Yaani ni wa kwetu!" na hilo ndilo lililonimaliza. Mgeni angesamehewa.

"Toka," akasema Wafula. Hakupiga kelele.

Nikainuka, soksi moja, kiatu kimoja. Ndipo sauti ikatoka pale chini karibu na picha. "Mwache kwanza."

Ilikuwa ya mama mzazi wa Consolata. Alikuwa amesafiri usiku huo huo na leso mbili tu. Macho yake yalikuwa makavu.

"Wewe ndiye ule madam wa ofisi? Wa simu?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa ananiambia juu yako. Mimi nilimwambia, Consolata, kuja nyumbani nikuangalie, hiyo kifua si ya kukaa nayo peke yako. Akasema, mama, ngoja kidogo. Nikitoka saa hii napoteza dipoziti, na hiyo ndiyo ya dawa na ya kunifikisha huko. Nimeuliza ofisi. Madam amesema atanipigia. Baada ya siku tatu nikamuuliza, amepiga? Akasema bado, lakini atapiga. Alisema uko na sauti nzuri."

Kuna kitu sikuwaambia hapo juu, nami nakisema sasa kwa sababu nimechoka kukificha. Siku ile Consolata aliponiuliza, sikumsomea mkataba. Alikohoa kwenye simu, akaomba msamaha kwa kukohoa, na mimi nikamwambia, "Usijali, wacha niongee na mwenye ploti, nitakupigia." Nikakata. Nikaendelea na mandazi yangu. Sikuandika popote, na kufikia jioni nilikuwa nimemkumbuka tu kama mtu anayepanga kuruka. Katika ofisi yetu "nitakupigia" ndivyo tunavyomaliza simu. Yeye aliichukua kama ahadi, kwa sababu ni ahadi.

"Sikupiga, Mama," nikamwambia.

Alinitazama. "Ungepiga," akasema.

Hakukuwa na hasira ndani yake. Ningeshukuru kama angenizaba kofi.

Nikatoka nje, nikasimama kati ya sofa na kabati, nikampigia mwenye ploti. Huwa tunamwogopa, hatumpigii ovyo. Alipokea huku ng'ombe wanalia nyuma yake.

"Mzee, ni mimi wa ofisi. Mpangaji wa namba kumi na nne amefariki. Familia inataka kumpeleka nyumbani, na dipoziti..."

"Woi! Si ule fundi? Ule mpole?"

"Ndiyo, Mzee."

"Pole, pole sana. Rudisha yote. Leo. Usikate hata ya kupaka rangi."

"Na mkataba, Mzee? Alikuwa amebakisha miezi mitatu."

"Mkataba gani sasa, na mtu ameenda? Alikuwa mgonjwa?"

"Kifua, Mzee. Wiki mbili zilizopita aliulizia kuhama ili aende kwa mamake."

Ng'ombe wakalia.

"Sasa mbona hukuniambia siku hiyo? Ningesema tu apewe, aende nyumbani apone."

Alipokata niliitazama simu. Maongezi yote yalikuwa yamechukua dakika moja na sekunde kumi na moja. Nilisimama pale nikiitazama hiyo namba mpaka kioo kikazima.

Nikarudi ndani, nikamwambia Wafula mbele ya kila mtu kwamba dipoziti inarudi yote na itafika leo. Hakunishukuru, na alifanya vizuri. Alisema, "Basi gari itapatikana," akamwambia wa daftari aandike. Mama yake Consolata alitikisa kichwa tu. Sikupata nguvu ya kuaga, kwa hivyo nikapita nyuma nikakuta beseni la vikombe, nikaanza kuosha. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenizuia. Niliosha vikombe mpaka saa saba. Dereva wa pikapu alikuwa ameokota kiatu changu, akakifuta matope, akakiweka kwenye mkono wa sofa. Aliponipa aliniambia, "Madam, mimi nilisema naleta."

Nimerudi ofisini. Pesa zimetumwa kwa Wafula, nimethibitisha mara mbili. Bosi ameuliza nilikuwa wapi tangu asubuhi, nikamwambia kazini, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nadhani nilikuwa nasema kweli. Zile barua zilizobaki nimezirarua. Atachapa nyingine, najua, lakini angalau leo azitafute.

Halafu nimefungua simu, nimepitia namba moja moja zilizonipigia mwezi huu. Wapangaji tisa niliwaambia nitawapigia. Tangu saa nane nimeshapiga sita. Mmoja amenitukana mpaka salio likaisha. Mmoja alishahama, dipoziti akaniachia, akaniambia niendelee kuila. Mama mmoja wa Kiplombe alipoona ni namba ya ofisi alipiga mayowe akidhani nyumba imeungua. Alikuwa ananiulizia tu kitasa cha mlango. Wa saba simu yake haipatikani. Nimejaribu mara tano, na kila mara yule mwanamke wa mashine ananiambia nijaribu baadaye, nami napiga tena papo hapo.

Kwa hivyo wale mnaotaka kunipigia mnicheke, nawaomba msubiri. Laini iko bize.